Jenereta ya Jumapili

Kaka yangu Wolter alifariki Jumanne ya pili ya Machi, ndani ya tishali lake, akiwa amekaa kitini na boila ikiwaka. Waliokuja kunipa pole walilishika hilo la boila. "Angalau alikuwa na joto, Jentje," walisema mmoja baada ya mwingine, wakikoroga kahawa yangu. Walitaka kunifariji, nami niliwashukuru. Lakini habari ya joto la Wolter haikuwa nyepesi hivyo, na mimi nimehusika nayo. Nimemwomba Mungu anisaidie kuiandika jinsi ilivyokuwa, nisijipendelee.

Sisi ni watoto wa tishali, chombo bapa cha kubeba mizigo mitoni. Baba alibeba nafaka na kokoto kati ya Rotterdam na Groningen, na sisi wawili tulizaliwa nyuma ya usukani, katika makao ya vyumba viwili ambamo mtu mrefu angeweza kugusa kuta zote mbili bila kuinuka. Tulipotimiza miaka saba tulipelekwa bweni la watoto wa manahodha, Wolter kwanza, mimi miaka minne baada yake. Likizo ndizo zilizotufanya tuwe ndugu.

Baba hakusafiri siku ya Bwana, hata mzigo uwe umesubiriwa namna gani. Kiangazi kimoja tulicheleweshwa Jumamosi kwenye lango la maji linalopandisha na kushusha vyombo, na siku ikaisha tukiwa bado mwendo wa saa moja kufika nyumbani. Mnara wa kanisa letu ulikuwa ukionekana juu ya matete. Baba alifunga kamba kwenye miti ya ukingoni, na Jumapili nzima tulikaa pale tukisikia kengele yetu wenyewe ikitualika, huku yeye akitusomea hotuba kutoka kitabuni. Wolter alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakulalamika. Aliutazama mnara ule siku nzima kama mtu aliyefika posta akakuta imefungwa, naye ana hakika itafunguliwa.

Akawa mtu wa namna hiyo maisha yake yote. Alirithi tishali la Baba, Goede Verwachting, maana yake Tarajio Jema, akamwoa Hilligje, wakasafiri pamoja miaka thelathini na minane. Hawakujaliwa mtoto. Walipostaafu walilifunga tishali kwenye gati la mji wetu, ukingoni mwa mto Zwarte Water, wakaendelea kuishi humo na ghala tupu mbele yao. Nyumba ya nchi kavu hawakuitaka. Wolter alisema usingizi haumjii mahali ambapo sakafu haitikisiki hata kidogo.

Hilligje alipoanza kuugua mapafu, Wolter aling'oa jiko la makaa ya mawe kwa sababu ya vumbi lake, akaweka boila ya dizeli. Boila ile, hata tangi likiwa limejaa, haiwaki bila umeme: cheche ya kuwashia na pampu ya kusukuma maji moto mabombani vyote vinautaka. Umeme ulitoka kwenye sanduku la gatini. Na sanduku lile lina tabia yake. Baridi ikizidi, kila mtu gatini anachomeka kipasha joto chake, na sanduku linajikata lenyewe, mara nyingi Jumamosi jioni, wakati fundi mwenye ufunguo amekwisha kwenda kwake.

Kwa hiyo Wolter alikuwa na akiba mbili. Ya kwanza ilikuwa betri nne kubwa chini ya kitanda, zenye inveta ya kugeuza umeme wake uweze kuendesha boila. Ya pili ilikuwa jenereta, ndani ya chumba cha injini. Siku sita za juma hapakuwa na shida: umeme ukikatika, betri zinashika, zikichoka, jenereta inawashwa. Ila Jumapili jenereta haikuguswa. "Injini ni injini," alisema. "Baba hakuwasha kubwa, mimi siwashi ndogo." Jumamosi usiku aliiendesha mpaka karibu saa sita, akaizima, na Jumapili ikabebwa na betri.

Hilligje alipokuwa mgonjwa, aliiwasha. Katekisimu yetu inaruhusu kazi ya lazima na kazi ya huruma, na mwanamke asiyeweza kuvuta pumzi kwenye baridi ni huruma bila ubishi. Hilligje alipozikwa, alirudi kwenye desturi yake. Hapakuwa tena na mgonjwa.

Miaka ilipita, betri zikazeeka kama sisi. Nilimwambia anunue nyingine.

"Nikiwa na miaka sabini na tisa?" akasema. "Betri mpya zina dhamana ya miaka minane. Huko ni kumpangia Mungu ratiba."

"Basi njoo ukae kwangu wakati wa barafu. Chumba kipo."

"Na mabomba yagande yapasuke? Chombo hakiachwi peke yake kwenye barafu, Jentje. Umekaa nchi kavu mpaka umesahau."

Mimi niliolewa nchi kavu, ni kweli. Mume wangu Harm alikuwa na duka la mbegu. Ni miaka tisa sasa tangu aondoke duniani.

Miaka mitano kabla ya kifo cha Wolter alikuja jirani. Aliitwa Toos, mama mmoja kutoka Tilburg, aliyekuwa na saluni ya nywele kabla ya kununua boti ndogo ya chuma na kuifunga nyuma ya tishali la kaka yangu. Alizaliwa Mkatoliki. Sasa, kwa maneno yake mwenyewe, hana dini, ila anaogopa radi. Alicheka kwa sauti, alivaa nguo za rangi kali, na alifuga chiriku wawili. Nakiri kwamba sikumpenda.

Januari iliyopita, Jumapili moja baada ya ibada ya asubuhi, nilikuwa kwa Wolter nikinywa kahawa. Umeme wa gati ulikuwa umekatika tangu jana yake. Betri zilikuwa zinaelekea kwisha, na pampu ilikuwa inasikika ikipunguza mwendo. Wolter alikuwa amevaa koti lake la kanisani, hakulivua, na hakuna kati yetu aliyelitaja. Dirisha likagongwa.

"Nahodha, samahani kukukatizia kahawa," Toos akasema. "Chiriku wangu wamejikunyata kama mapadri waliokutwa na mvua."

"Wana baridi?"

"Mmoja amepiga chafya. Nimesikia kwa masikio haya. Wifi, hujambo?"

Wifi huyo ni mimi. Alikuwa ameanza kuniita hivyo tangu vuli, mbele za watu, hata dukani.

"Sijambo, Bi Toos. Ila mimi si wifi yako."

"Bado," akasema. "Naanza mazoezi mapema."

Wolter alikuwa tayari amesimama akitafuta glavu zake. "Kazi ya huruma," aliniambia mlangoni, ingawa sikuwa nimemuuliza. Nikamsikia akishuka chumba cha injini, jenereta ikakohoa, ikashika. Kisha nikamwona kupitia dirishani akivuta waya mrefu wa rangi ya chungwa kutoka chombo chake mpaka cha Toos, anatembea kwenye barafu kwa hatua ndogo, na uso wake umechangamka. Mabomba yakaanza kugonga-gonga kwa joto. Bila shaka jenereta ikiwaka haichagui: inapeleka umeme kwa jirani na kwa boila ya mwenyewe pia. Alirudi, akavua koti.

"Hii ni mara ya ngapi?" nikauliza.

"Kila umeme unapokatika. Ndege wale ni wadhaifu."

Kabla ya kwenda nyumbani nilichukua bakuli la supu ya njegere nimpelekee Toos. Nitasema ukweli: ilikuwa kisingizio. Nilitaka kuona ndani mwake. Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni mpaka miwani ikaingia ukungu. Kona ya chumba ilikuwa na jiko la makaa ya mawe, tumbo lake limekuwa jekundu. Dirisha lilikuwa wazi. Toos alikuwa peku, amevaa blauzi ya mikono mifupi, na wale chiriku walikuwa wametanua mabawa, midomo wazi, wanahema. Waya wa Wolter ulikuwa umelala sakafuni. Haukuunganishwa na kitu chochote.

Tukatazamana.

"Ingia, funga mlango," akasema. "Au uache wazi, mimi nitashukuru."

"Una jiko."

"Ninalo. Nililinunua pamoja na boti."

"Unamdanganya kaka yangu. Siku ya Bwana."

"Siku nyingine hana haja ya kudanganywa." Alichukua bakuli mkononi mwangu, akaliweka mezani. "Sikiliza, Bi Jentje. Desemba ya mwaka juzi nilimchungulia dirishani. Alikuwa anasoma Biblia yake amevaa glavu, anafungua kurasa kwa pua. Kwa pua, mama. Nikamwambia, washa mashine yako. Akasema hawezi, ni Jumapili. Nikamuuliza, ungewasha kwa sababu gani? Akasema, kama kuna mtu mwenye shida. Basi nikaenda kwangu, nikakaa dakika kumi, nikarudi nikiwa na shida."

"Huo ni uongo."

"Ndiyo. Usimwambie."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa dakika ishirini, na njia nzima nilijiambia kwamba ninachokiwaza ni ukweli tu. Nilijiambia kwamba kaka yangu anavunja amri kila juma bila kujua, na kwamba dada anayenyamaza anashiriki. Ni baadaye tu, baada ya mazishi, nilipoweza kuangalia chini ya maneno hayo. Tangu Hilligje afe, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Wolter chakula, kumfulia mashati, kukaa naye kanisani na kumpa peremende hotuba inapoanza, kama Mama alivyotupa. Na katika muda wote huo sikumwona na uso ule aliokuwa nao akivuta waya juu ya barafu.

Jumatatu nilimwendea. Alikuwa anamenya viazi. Umeme ulikuwa umerudi.

"Wolter," nikasema, "Toos ana jiko la makaa. Kwake kuna joto kuliko kanisani. Waya wako haujachomekwa popote. Anakudanganya ili uwashe."

Hakuinua macho. Alimaliza kiazi kile, akakitia majini, akachukua kingine.

"Nani alisafisha bomba la jiko lake Oktoba?" akauliza.

"Nitajuaje?"

"Mimi. Nilitoa ndoo mbili za masizi."

Sikumwelewa mara moja. "Kwa hiyo ulijua?"

"Mtu akija mlangoni akasema ana baridi, simpimi homa. Aliomba, nikampa. Yeye alisema lake, mimi nikafanya langu, na kila mmoja angejibu kwa Mungu kwa upande wake." Akakitazama kisu. "Sasa umelisema. Limekuwa mezani hapa, kati yako na mimi. Jumapili nikishuka kule chini, nitakuwa nawasha kwa ajili ya Wolter."

"Lakini kama ulijua, ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile, Jentje. Wewe unajua si kitu kilekile, ndiyo maana umetembea mpaka hapa."

Nilikuwa na jambo la pili, nikalitoa pia, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba njia nzima. Nilimwambia watu wanasema. Nilimwambia Toos ananiita wifi mbele ya mwenye duka, na si vizuri kwa mjane mwanamume kuonekana akiingia na kutoka kwa mwanamke anayeishi peke yake.

"Wanasema nini?"

"Wanasema tu."

"Sawa," akasema. "Hawatasema tena."

Na kweli hakuingia tena kwa Toos. Alikuwa na kawaida ya kwenda kwake Alhamisi kunywa kahawa na kusoma gazeti la Toos, kwa kuwa yeye Wolter hakununua la kwake. Alhamisi iliyofuata hakwenda, wala ile nyingine. Nilipompitia nilimkuta amekaa, redio imezimwa, mikono magotini. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anasikiliza barafu. Nilipata nilichokitaka, na sikujua nikae naye vipi. Tulikunywa kahawa yetu, nikaosha vikombe, nikaenda zangu.

Baridi kali ilishuka wiki ya pili ya Februari, nyuzi kumi na tatu chini ya sifuri, na upepo wa mashariki juu yake. Mto uliganda ukingo hadi ukingo. Sanduku la gati lilijikata Jumamosi saa kumi na moja jioni. Sikujua. Jumapili asubuhi nilikaa kwenye benchi letu, nikaweka peremende mbili kwenye kitabu cha zaburi, na Wolter hakuja. Tangu alipolifunga tishali gatini nilikuwa nimemkosa kanisani mara mbili tu: alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, na asubuhi aliyofariki Hilligje. Mchungaji alihubiri saa nzima na robo. Siwezi kuwaambia alisema nini. Ningeweza kutoka katikati. Sikutoka, kwa sababu watu wangegeuka kutazama.

Baada ya baraka sikupita nyumbani. Toos alikuwa gatini, amesimama mbele ya tishali na ndoo ya majivu, kana kwamba alikuwa akimwaga na akasahau.

"Nimegonga mara tatu," akasema. Hakuwa na kicheko. "Mara ya kwanza alifungua. Nikamwambia habari ya chiriku. Akaniuliza, 'Mama Toos, jiko lako linawaka?' Hivyo tu, kwa upole. Ningemjibu nini? Nimesuka nywele za watu miaka arobaini, nimesema uongo kila siku, lakini mtu akikuuliza hivyo huwezi. Nikasema linawaka. Akasema, 'Mungu ashukuriwe,' akafunga mlango."

"Ulimwambia aje kwako?"

"Mara ya pili na ya tatu. Anasema watu wanasema." Alinitazama. "Ni watu gani hao, Bi Jentje?"

Nilipanda tishalini.

Ndani kulikuwa kimya. Pampu ilikuwa imesimama. Betri zilikufa kabla ya saa tatu asubuhi, Wolter aliniambia baadaye, mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa kitini, amevaa makoti mawili na mtandio wa Hilligje kichwani, na pumzi yake ilikuwa inaonekana. Kwenye kikombe cha maji mbele yake kulikuwa na ngozi nyembamba ya barafu.

"Ibada imekwisha?" akauliza. Midomo yake haikufunga vizuri maneno.

"Imekwisha. Wolter, washa jenereta."

"Kesho."

"Ni kazi ya lazima. Hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya sabato anatolewa, imeandikwa."

"Mimi si ng'ombe."

"Ungekuwa ng'ombe ungekuwa na akili zaidi."

Alitabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa uso. "Mwezi uliopita ulikuja hapa kunizuia. Leo umekuja kuniruhusu. Nikusikilize yupi?"

"Nilikosea."

"Hukukosea. Ulisema kweli. Lazima ni kwa mtu anayekufa, Jentje. Mimi sifi, nina baridi tu. Baba aliwahi kuwa na baridi."

"Baba alikuwa na miaka arobaini na jiko la makaa."

"Nenda nyumbani ule. Viazi vyako vitakauka."

Nilifikiri kumwita daktari, lakini nilimjua: angeketi wima, angemsalimia daktari kwa heshima na kumwambia hajambo. Nilifikiri kushuka mwenyewe na kuiwasha bila ruhusa yake. Lakini ni chombo chake, na juu ya chombo chake mwenyewe nahodha haingiliwi, hilo tulilelewa nalo kabla ya kujua kusoma. Angeizima, na baada ya hapo asingenifungulia mlango. Basi nilivua koti langu nikamfunika magoti. Nikavua na shali. Nikakaa kwenye kiti cha Hilligje, mbele yake, katika gauni langu la kanisani.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Vaa koti lako."

"Limetumika."

"Unaigiza kama yule mwenzako wa chiriku."

"Siigizi kitu," nikasema. "Siendi nyumbani, basi."

Tulikaa hivyo. Sikujua kwamba baridi inachukua muda kuingia kwa mtu aliyetoka kutembea. Nusu saa ya kwanza nilijiona jasiri. Baadaye vidole vya miguu vilianza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo lilinitia hofu zaidi. Wolter alifumba macho. Nilimwita, akafumbua. Nilijaribu kusali nikaona nasali kwa ajili ya vidole vyangu. Nilimfikiria akiwa peke yake kwenye kiti kile Jumapili zote tangu Hilligje afe, kabla ya Toos, wakati mimi nilikuwa nyumbani kwangu nikipasha moto sufuria, nikijua kwamba hawashi, na nikimsifu moyoni kwa uthabiti wake. Nilimsifu hata kwa watu. Kulikuwa na joto chumbani mwangu nilipomsifu.

Saa tisa hivi meno yangu yalianza kugongana. Nilijaribu kuyazuia, sikuweza. Wolter alinitazama kwa muda mrefu.

"Jentje."

"Nina baridi, Kaka," nikasema. Sikuwa nimepanga kuyasema. Sikuwa nimemwita Kaka tangu bwenini.

Aliweka mikono kwenye mbao za kiti akajaribu kuinuka. Mara ya kwanza alirudi chini. Nilimshika kwapani, tukaenda pamoja mpaka mlango wa chumba cha injini, tukashuka ngazi zile kinyumenyume, yeye kwanza, mimi nikimshika ukosi. Mbele ya jenereta alinyoosha mkono kwenye ufunguo, na vidole havikujikunja. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Akauangalia ule mkono kama kitu cha mtu mwingine.

"Itabidi wewe," akasema.

Mimi sijawahi kufanya kazi siku ya Bwana. Nguo hazikuanikwa, baiskeli haikupandwa, viazi vilimenywa Jumamosi. Nina miaka sabini na mitano.

"Fungua ile koki ya dizeli, kushoto. Sasa ufunguo, nusu. Ngoja taa ya njano izimike. Usiharakishe. Ngoja." Taa ilizimika. "Sasa zungusha mpaka mwisho, ushike."

Nikazungusha, nikashika. Ilikohoa mara tatu, ikawaka. Kelele ilijaa chumba kile kidogo mpaka kifuani.

"Iache ipumue kwanza," akasema karibu na sikio langu, "kisha ile swichi nyeusi."

Tulirudi juu. Boila iliwaka katika jaribio la pili. Ilichukua karibu saa nzima kabla hatujahisi chochote, na ndipo Wolter alipoanza kutetemeka, kutetemeka kweli, na nikajua kwamba kabla ya hapo alikuwa amepoa kupita hatua ya kutetemeka. Nilimshika mikono mpaka kukakoma. Kengele ya ibada ya pili ililia. Hatukuinuka. Alilala kitini kinywa wazi, nami nilikaa nikisikiliza mashine niliyoiwasha.

Alipoamka alisema jambo moja. "Umeiwasha vizuri." Kisha akaniomba mkate.

Jumatano iliyofuata upepo uligeuka, barafu ikaanza kulia na kupasuka, na baridi ya namna ile haikurudi. Wolter hakuihitaji tena jenereta. Nilimwambia mwenyewe kwamba Alhamisi aende kwa Toos, kwamba hakuna watu, kwamba watu walikuwa mimi. Alisema sawa. Alikwenda Alhamisi tatu. Toos ananiambia hakuongea sana, alisoma gazeti lote, hata matangazo ya ng'ombe. Kisha moyo wake ukasimama, Jumanne asubuhi, na ni Toos aliyemkuta, kwa kuwa pazia halikuwa limefunguliwa. Daktari anasema ulikuwa moyo wa mzee, wala haukuwa baridi. Nimemuuliza mara mbili, amejibu mara mbili vilevile.

Mwezi uliopita mzee wa kanisa alinitembelea, kama wanavyotutembelea kila mwaka kuuliza habari ya roho zetu. Ni Roelof, mtu mpole, tulikuwa bweni moja. Nilimsimulia Jumapili ile yote, na kwamba mkono uliozungusha ufunguo ni huu.

"Ilikuwa kazi ya huruma, dada," akasema. "Kaka yako alikuwa hatarini. Usijitese."

"Yeye hakukubali iwashwe kwa ajili yake mwenyewe," nikasema. "Aliiruhusu kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa na nyumba yenye moto, dakika ishirini kwa miguu. Nilikaa pale makusudi mpaka nikapata baridi. Hiyo ni huruma ya nani, Roelof?"

Alikoroga kahawa yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Alisema ataliombea. Kisha akaniuliza kama ningerudi nyuma, ningefanya nini.

Nikamwambia ningekwenda mapema. Nisingengojea ibada iishe. Na ningekwenda Jumapili zile nyingine zote, miaka ile yote, bila koti, nikae pale kwenye baridi mpaka aiwashe jenereta.